Papa, Maji Hayakumchukua Kabange

Kwako Papa, baba yangu, Shamapasa wangu,

Nimekaa palepale kwenye barza ulipokuwa unakaa, na kisu chako kiko mkononi mwangu. Usicheke. Nimejikata mara mbili mwezi huu, na kidole gumba kimefungwa kitambaa, ndiyo maana mwandiko umeharibika. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na kila Jumamosi nachonga. Mimi niliyekuwa nakuambia kuchonga ni kazi ya watu wasio na kazi! Leo nakuandikia kwa sababu nilikudanganya, nawe ukafa na uongo wangu, na nimechoka kuubeba.

Ngoja kwanza nikukumbushe mambo mazuri. Unajua mimi naanzaga mbali.

Unakumbuka ulivyokuwa unarudi kutoka bandarini saa tisa, hata chakula hujagusa, unageuza beseni la Mama na kulikalia? Mama, kabla hajatutangulia, hakuchoka kupiga kelele: "Shamapasa, ile beseni njo ya kufulia!" Wewe umeshachukua kipande chako cha mti, unakigeuzageuza na kukinusa kama mtu anayechagua samaki sokoni. Wapita njia walikuuliza unatengeneza nini, ukawajibu, "Sijajua bado." Walicheka hadi kwenye kona. Mtu mzima, fundi wa mashine za bandari, anakaa saa mbili nzima na kisu na hajui anatengeneza nini! Hukuuza hata mwiko mmoja. Uligawa, au uliweka ndani, mpaka Mama akasema siku moja sisi tutalala nje ili miti ilale ndani.

Mimi nilikuwa miguuni pako, nacheza na vile vipande vyembamba vilivyojikunja. Ulinifundisha kupitisha kidole juu ya mti nisikie nyuzi zake zinaelekea wapi. "Usipigane naye, Kyungu. Ukienda kinyume, atakurudishia kisu." Tukimaliza kusugua, ulipaka mawese kidogo, na rangi ikatoka ghafla, nyekundu, nawe ukasema "Haya, angalia!" utadhani aliyechonga ni mtu mwingine.

Lakini kitu cha kwanza ulichochonga maishani mwako hakikuwa cha kujifurahisha. Tulizaliwa wawili, mimi na Kabange, na Kabange aliondoka kabla hatujaota meno. Kwenu upande wa Mpala, pacha mmoja akifa anachongewa sanamu ndogo ili aliyebaki asibaki peke yake. Mama akimwogesha mmoja, anawaogesha wote wawili, na watu wanaendelea kumwita baba yao Shamapasa, baba wa mapacha. Wachongaji wa zamani walikuwepo. Ulikataa kuwapa kazi hiyo, ukachonga mwenyewe, ukiniangalia nilivyolala ili upate uso wake. Ulichagua mti mwepesi, ule ambao wavuvi wanatengenezea maboya ya nyavu, ukasema mtoto asibebeshwe ndugu mzito. Uliniambia baadaye kwamba siku ile ulilia ukichonga, na katikati ya kilio ukagundua mikono yako inafurahi. Uliona haya sana. Ila hukuacha tena.

Nilikua na Kabange. Urefu wake kiganja kimoja, macho yamefumba. Nilipoolewa nilimbeba kwenye sanduku, katikati ya vikwembe vyangu vya kujifunga.

Halafu mimba zikaanza kutoka. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama mmoja tuliyekuwa tunasali naye aliingia chumbani kwangu, akaona sanamu, akanishika mkono: "Mama, huyu njo anakula batoto bako." Wewe ulikuwa mtu wa misa kila Jumapili, na hukuwahi kumwomba yule mtoto kitu chochote. Ulimpaka mafuta tu. Nilijua hivyo, Papa. Lakini nilitaka mtoto, ningechoma hata nyumba. Nikamweka kwenye mbabula mchana kweupe, juu ya makaa ya kupikia ugali. Mti mwepesi unaungua haraka. Sikupata hata nafasi ya kubadili mawazo.

Mimba ya nne nayo ikatoka.

Mwezi uleule ziwa lilipanda, likaingia nyumbani kwetu. Ulikuja kutusaidia kutoa vitu, suruali umeikunja hadi magotini, na neno lako la kwanza lilikuwa, "Kabange iko wapi?" Nikasema maji yamemchukua. Uongo ulitoka wenyewe, laini kabisa. Ukanipigapiga begani. "Usilie. Muti ule hauzame. Tutamupata."

Aa, Papa! Mimi mtoto wa mchongaji nikasahau kwamba mti ule unaelea. Ningesema ameibwa, ungehuzunika, kisha ungezoea. Lakini nilisema maji, na wewe ukaanza kutembea ufukweni.

Kila Jumapili baada ya misa. Na fimbo ya kupindulia takataka. Uliwauliza wavuvi, uliwauliza wamama wanaoanika samaki wa ndagala, ukiwaonyesha urefu wake kwa kiganja. Watu wa Kalemie hawakosi utani. Wakakuita Papa Boya, nawe ukacheka nao. Miaka mitatu. Na kisu hukukishika tena. Ulisema mikono haina hamu, utachonga ukishampata. Mara ngapi nilifungua mdomo! Nilikuwekea maji ya moto uloweke miguu iliyovimba, nikasema moyoni, leo namwambia. Ndipo ukasema, "Pengine maji ilimupitisha mu muto Lukuga. Pengine iko Kabalo sasa," na ukaanza kuuliza habari za treni ya kwenda huko. Nikakuongezea maji ya moto kwenye beseni.

Hospitalini, siku mbili kabla hujaondoka, ulinishika mkono. "Weye utaendelea kumutafuta?" Nikajibu, ndiyo, Papa.

Baada ya mazishi nilichukua kisu chako ili nimchonge upya, nimlete kaburini. Vile vya kwanza nilivyochonga vilikuwa viazi, si watoto. Lakini nikaendelea, na hapa ndipo ninapoona haya: nimefurahi. Nakaa saa tisa, nanyanyuka giza linaingia, na sijafikiria tumbo langu hata mara moja. Harufu ya mti mbichi ukifunguka. Ile sauti ndogo ya kisu kikipata njia yake. Jirani ananiuliza natengeneza nini, nami simjibu kwa sababu kweli sijui, na kutojua kule ni kutamu, Papa, hakuna aliyeniambia ni kutamu hivyo. Sasa ndiyo naelewa nilichokunyang'anya. Siyo Kabange peke yake. Nilichukua miaka mitatu ya furaha hii, ya mwisho uliyokuwa nayo, nikakupa mchanga wa kutembelea.

Na yeye simpati. Nimeweka kioo mbele yangu, nikasema uso wetu ulikuwa mmoja. Kioo kinanionyesha mwanamke wa miaka arobaini. Uso wa mtoto yule mliujua wewe na Mama tu, mmeondoka nao wote wawili. Maji yakimwagika hayazoleki. Nachonga vijiko, nachonga vichana vya nywele, nagawa kwa majirani. Watoto wao wanavipenda.

Wanasema walioondoka hawana tena haja ya kuambiwa. Siamini. Nakujua ulivyo kichwa kigumu. Nahisi hata huko bado unapindua takataka kwa fimbo, unauliza watu.

Papa, keti chini. Usimtafute tena. Hakupita Lukuga, hayuko Kabalo. Nilimchoma mimi.

Ukiweza, kaa na amani.

Ni mimi Kyungu, binti yako aliyebaki.