Siku Tuliyomkemea Shetani Kwenye Jenereta

Jumanne, Uyole. Ukungu umeingia mpaka mlangoni kwa banda langu la mitambo ya muziki. Malori yanapiga honi barabarani na hayaonekani. Nimevaa makoti mawili na bado meno yanagongana.

Shajara, wewe unanijua, lakini na wasomaji wasikie: mtu mwenye bahati kama mimi Uyole nzima hayupo. Miaka kumi na minne napiga mitambo. Harusi, misiba, kampeni, kipaimara, mikutano ya injili. Mitambo yangu imezima mara moja tu, Jumapili iliyopita, na hata hiyo mara moja aliyeizima ni shetani mwenyewe. Nina mashahidi mlima mzima. Fundi gani mwingine shetani amewahi kumfungia safari?

Kanisa la hapa mtaani lilinichukua kwenye safari ya injili, kijiji kimoja mbele ya Igowole, Mufindi. Mchungaji, kwaya, na mimi na spika zangu mbili kubwa na jenereta dogo. Mimi kanisani huonekana Krismasi, na siku yenye pilau. Lakini nilikaa kiti cha mbele cha basi letu dogo la Kosta nikiwa na miwani ya jua, mtu angedhani mhubiri ni mimi.

Pale Igowole tukakuta bodaboda imeishiwa mafuta, imewapakia mama na mtoto mwenye homa. Nikashuka, nikampa dereva kidumu changu cha petroli chote. Roho yangu ndivyo ilivyo. Kwaya wakanipigia makofi. Nikawaambia msijali, jenereta lina yake tumboni.

Mbele kidogo barabara ikaisha. Yaani ipo, ila ni tope jekundu, Kosta ikakataa. Tukasimama bondeni na spika zetu kama watu waliofukuzwa nyumba.

Ndipo wakashuka watu wa kijiji. Mbele yao Mwinjilisti Yoramu, mzee mwenye tai na mabuti ya mvua. "Kamwene!" anasalimia mmoja mmoja, na kwaya nzima. Akina mama wakachukua spika kichwani. Bibi mmoja mfupi, aliyebeba spika inayomzidi upana, akanigeukia: "Kijana, hii redio yako inakula nini?"

Jenereta akalichukua mwinjilisti mwenyewe. Kabla hajaliweka begani alilitikisa kidogo, kama mtu anayepima dumu la ulanzi, ile pombe ya mianzi. Akanitazama.

Njiani yule bibi akanipa habari. Mwaka jana wageni waliahidi kuja na vipaza sauti, watu wakatoka vitongoji vyote, wakakaa kilimani mpaka jua likazama, hakuja mtu. Tangu hapo mwinjilisti wanamwita Mzee Kesho. "Leo nao wakirudi bila kusikia neno," akasema, "huyu mzee hatamkusanya tena hata kuku."

Tukafika. Watu wamejaa kwenye mteremko kuanzia mlango wa kanisa mpaka juu kwenye misonobari, wamejifunika mablanketi na kanga. Na upepo ule wa Mufindi unakunyang'anya sauti hapo hapo mdomoni. Bila spika, hao wa juu wangeona tu midomo inacheza.

Nikafunga waya kwa mbwembwe zote. Nikavuta kamba ya jenereta. Kimya. Nikavuta tena. Nikavua koti, nikavuta. Mchungaji akasema, "Ndugu zangu, hii si hali ya kawaida." Mama wa kwaya akajibu, "Ni yule yule adui. Shindwa!"

Wakalizunguka. Wakaliwekea mikono. Wakalikemea kwa nguvu mpaka jasho likawatoka kwenye baridi ile.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshafungua mfuniko.

Naandika polepole hapa. Tangi lilikuwa kavu. Nilikuwa nimelimaliza kwenye harusi ya Jumamosi na sikuangalia, kwa sababu fundi wa sifa zangu haangalii. Na ukutani kwa kanisa, hatua chache tu, zilikuwa zimeegeshwa pikipiki tatu. Lita moja ingetosha. Lakini kuomba lita moja ni kusema tangi ni tupu, na mikono ya watu wa Mungu iko juu ya tangi hilo hilo.

Nikafunga mfuniko taratibu. Nikaweka na mimi mkono. Nilikemea kuliko wote.

Watu wa juu wakaanza kusimama. Nilisikia kijana akiita, "Mzee Kesho!" na wenzake wakacheka. Mwinjilisti akawasikia pia. Alivua kofia, akaivaa tena.

Halafu akasema, "Basi, tupokezane kama zamani."

Kumbe kabla spika hazijafika huko walikuwa na utaratibu wao. Mhubiri anasema sentensi moja anatulia. Mtu wa katikati ya mteremko anaipokea, anairusha juu. Wa juu anaipokea, anawarushia wa mwisho kabisa. Waliosimama wakakaa. Yule bibi akawekwa katikati. Mimi mwinjilisti akanipandisha mpaka kwenye misonobari: "Wewe una kifua, baba. Pokea."

Sentensi ya kwanza ya mchungaji ikaja. Ikatoka chini ndogo, ikapita kwa bibi ikatoka na sauti ya kike, kali, safi, ikanifikia: "Shetani amezima mitambo!"

Mlima wote ukageuka kuniangalia.

Nikairusha. Kwa kifua changu chote. Kule ng'ambo ya bonde mwangwi ukanirudishia uongo wangu mzima, haukupungua hata herufi.

Lakini baada ya hapo, shajara, sijui nikueleze vipi, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Nimepiga muziki mpaka vioo vya ukumbi vikatikisika, lakini sijawahi kuona kitu kama kile. Neno lilikuwa linapanda mlima kwa miguu. Unaona vichwa vinainuka safu kwa safu linapopita. Mtu wa mbele akisema amina, amina inapanda nayo nyuma ya neno, inakupita, inaingia kwenye miti. Walipoimba, hawakuhitaji kupokezana. Sauti za besi zilitoka chini ya ardhi kama trekta. Vinyweleo vilinisimama. Nilijisikia mdogo, na nikafurahi kuwa mdogo, mimi ambaye hata kwenye msiba hutaka nionekane.

Hakuna aliyeondoka. Mwisho wa ibada yule kijana wa kelele alimpa mwinjilisti mkono, akamwita Baba Yoramu.

Wakati wa kushuka mwinjilisti alilibeba tena jenereta. Bondeni, wengine wakiwa wanapakia, akanivuta nyuma ya Kosta akanipa chupa ya maji. Ndani petroli, imejaa mpaka shingoni. Kaifyonza mwenyewe kwenye pikipiki yake, moja ya zile tatu, mdomo wake ulikuwa bado unanuka.

"Ya kuwashia huko uendako," akasema.

Nikaipokea. "Baba, ulijua?"

"Nililibeba mimi. Halikuwa na kitu kinachocheza ndani."

"Sasa mbona hukusema? Wamekuita lile jina mbele yangu."

Akacheka kidogo. "Mimi jina hilo nimelizoea. Wewe ulikuwa mgeni wangu."

Nikapanda gari. Nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Kwaya wakaimba mpaka Makambako namna tulivyomshinda adui, nami nilipiga makofi.

Chupa iko hapa mezani, sijaitumia. Leo asubuhi fundi mwenzangu kapita, nikamsimulia habari ya shetani, kacheka mpaka kakaa chini. Nikaingia ndani kuiandika vile vile, ndio ule mwanzo hapo juu. Halafu nikaiona chupa.

Basi. Mwanzo ule ni uongo. Mitambo yangu imezima mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nimempata wa kumsingizia: umeme, panya, mvua. Bahati sina. Jumapili shetani hakuwepo. Sikuweka mafuta, na mzee wa watu alitukanwa kwa ajili yangu.