Nilimpima Tabea kama Mtambo wa Nyuklia

Mama Esnath, shikamoo, naomba uniokoe kabla sijachelewa, mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Njombe, nilisoma Urusi nikarudi mwaka juzi, na nilichosomea huko ni kukadiria mtambo wa nyuklia uko chini kiasi gani ya ule mstari ambao ukiufikia unajiendesha wenyewe bila kuchochewa, maana huwezi kuuchungulia ndani ukajua, unachofanya ni kuuwekea kichocheo, kisha unakitoa ghafla na kusikiliza kifaa kinavyohesabu, hesabu zikiporomoka sana mtambo uko mbali na mstari, zikibaki zinajikongoja uko karibu. Sasa mama, huku hatuna mtambo, ila Makambako kuna Tabea, binti wa kijiji cha Mahongole anayeuza mitumba sokoni tangu biashara hiyo iruhusiwe, na kila Jumamosi nilikuwa naenda kwake nanunua sweta, mpaka sasa ninayo ya kuvalisha kwaya nzima ya usharika, lakini neno lenyewe sijawahi kulitamka, naogopa. Nikaona nitumie utaalamu, nikaacha kwenda ghafla. Baada ya mwezi nikamwomba rafiki yangu Agustino apite pale, akarudi akasema Tabea yuko sawa tu, anacheka na wateja, ila kuna sweta moja la kijani la saizi yangu kalikunja chini ya meza na kila anayelitaka anaambiwa lina mwenyewe. Hilo la sweta sikulitilia maanani, kwenye vipimo hakukosi kelele kidogo, yaani vihesabu vya bahati visivyo na maana, nikahitimisha kwamba yuko mbali sana na mimi. Sasa nasikia Silvesta, yule mwenye Fuso la kupeleka viazi Dar, ametuma mshenga, na baba yake Tabea anataka jibu ifikapo Jumapili ya mavuno. Sili, silali, nafundisha hovyo. Je, nipime tena?

Mika, Njombe

*

Marahaba, mwalimu. Pole sana, naona unaumia kweli, lakini nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Kichocheo ulikuwa wewe. Umejiondoa ukajificha Njombe, halafu unamlaumu binti wa watu kwa kutowaka? Na huko Urusi, ulipotoa kichocheo, ulikwenda kulala mwezi mzima ukamwachia Agustino kifaa? Ulitaka Tabea alie hadharani, wateja wahamie meza ya jirani? Anauza, mwanangu, ndiyo kazi yake.

Tena kipimo chako kilijibu, hukukisoma tu. Mwezi mzima hujaonekana, na sweta bado liko chini ya meza, wanunuzi wanakataliwa kwenye baridi hii ya kwenu. Hiyo ndiyo hesabu iliyokataa kushuka, wewe ukaiita kelele. Mwanafunzi wako angefanya hivyo ungempa sifuri.

Najua mmefundishwa kuuogopa ule mstari, na kwenye mitambo endeleeni hivyo hivyo tupone sote. Lakini hakuna anayeoa akiwa chini ya mstari, Mika. Jumamosi hii panda basi la kwanza, umwambie wazi kwamba unataka kumwoa, na jibu lake ulisikie kwa masikio yako mwenyewe. Akikubali, mshenga wako awahi Mahongole kabla ya Jumapili hiyo ya mavuno. Akikataa, utalia, kisha utapona, na Silvesta utamtakia heri.

Na safari hii usijifanye mteja. Ukifika pale mezani, mwambie umefuata sweta lako.