Kamera Iliyotiwa Ufunguo

Ijumaa, tarehe 9

Kelele zangu zilikuwa za bure. Kamera ni nzima!

Ni ile ndogo iliyoundwa na mafundi wa saa, inayoendeshwa kwa springi. Tangu niinunue mtaani Bwiza sijathubutu kuitia ufunguo, nikihofia springi kuukuu itakatika.

Leo baada ya swala Shangazi alitia ufunguo saa ya ukutani, kama kila Ijumaa, kisha akaikamata kamera akaitia ufunguo mpaka mwisho.

"Shangazi, apana! Utaivunja!"

"Mi natia saa ufunguo tangu we hujazaliwa. Lakini hii mishale yake iko wapi?"

"Ni kamera." Nikamwelekezea, nikabonyeza. Ta!

Akatengeneza mtandio haraka. "Rudia, sikuwa tayari."

Nikarudia. Filamu haimo, na sijui Bujumbura hii nitaipata wapi, lakini alitabasamu vizuri sana.