Kanda Niliyoifuta ya Mzee Alusa

Alhamisi. Julai, na baridi ile ya kuingia mifupani. Jua halijaonekana tangu asubuhi na mimi sijatia kitu mdomoni.

Mzee Alusa alifariki Jumatatu. Kama nyumbani kwenu mlikuwa na televisheni miaka ile, sauti yake uliijua kabla ya sura yake. Mpira, ndondi, riadha, vyote alitangaza yeye, kwa Kiswahili cha taratibu kilichopanda tu pale mpira ulipokaribia lango. Mimi ndiye mtunzaji wa kanda za kituo alichofanyia kazi. Nimekaa miaka kumi na tisa katika chumba cha chini kisicho na dirisha, hapa katikati ya jiji.

Jumanne mkubwa wangu aliniagiza nitafute kanda zake za kuonyeshwa kwenye ibada ya Jumamosi. Nilisema sawa. Nikashuka, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni.

Nilijua hazipo.

Kuna mwaka kanda mpya zilikosekana, tukaambiwa tufute za zamani tuzitumie tena. Zipi, hakuna aliyesema. Orodha niliandika mimi. Za siasa niliziogopa, za muziki nilizipenda, basi nikaanza na za michezo. Nilifuta kwa wiki tatu.

Lakini linaloniua si hilo. Alipostaafu alianza kuja kuulizia kanda moja tu, ya mechi fulani ya zamani. Kila baada ya miezi michache alikuwa akishuka ngazi polepole na lile goti lake bovu, anasimama mlangoni.

"Dada Wangari, ile kanda yangu imeonekana?"

"Bado, Mzee. Natafuta."

Miaka minne nilimjibu hivyo. Alikuwa akishukuru, kisha anapanda ngazi.

Leo nimeomba ruhusa nikaenda kwake, mtaa wa Satellite. Sikutaka mjane wake aambiwe na mtu mwingine. Viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa uani, kina mama wa kanisa wakipika chai. Mjane, Mama Doreen, alinipeleka chumbani tukae peke yetu. Nilimwambia yote bila kupumua, maana ningesita kidogo ningetoka mbio.

Alikaa kitandani. Kisha akasema, "Alikuwa akirudi hapa ananiambia, yule dada ana bidii, bado anatafuta."

Akanyoosha shuka kwa kiganja, akaendelea.

"Unajua aliitakia nini? Siku ya mechi hiyo nilikuwa hospitali nikijifungua Doreen. Watu waliniambia alinitaja hewani. Mimi kila nikimwuliza alisema nini, ananijibu ningoje, nitasikia mwenyewe." Akaniangalia. "Wewe uliisikia?"

Niliisikia. Kabla ya kufuta kanda nilikuwa nazikagua kidogo, na hiyo niliitazama mpaka mwisho. Halafu nikaifuta hata hivyo. Hili sijawahi kumwambia mtu.

"Alisema, 'Watazamaji, mniwie radhi kidogo. Nimeletewa karatasi hapa. Nimepata binti, na mama yake ni mzima.' Kisha akanyamaza. Ikapigwa kona, yeye bado kimya. Nafikiri alikuwa analia."

Mama Doreen alishika ukingo wa kitanda. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Nilipoanza mara ya tatu alinizuia kwa mkono.

"Jumamosi utasimama useme hayo mbele ya watu. Na useme ni nani aliyefuta."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Mkubwa wangu amenipigia simu mara mbili tangu nirudi. Sijashika. Kazi huenda ikaisha, na nina watoto wawili wa sekondari. Lakini si kazi inayonikosesha kula hivi. Ni kwamba maneno ya mtu yule kwa mke wake yamebaki ndani ya kichwa changu tu, na mimi ndiye niliyeyafikisha hapo.

Nitasimama. Hilo nimeshaamua, hata kama sauti itakatika na watu waanze kunong'ona.

Nimekuwa nikiyasema bafuni, nikijaribu kufuata mwendo wake. Kadiri ninavyoyarudia ndivyo yanavyonitoka. Saa hii sina hakika tena kama alisema "binti" au "mtoto wa kike".

Lilikuwa neno lipi?