Kutoka Shuleni Mpaka Barazani

Kisarawe, 12 Januari 2025

Kwa babu yangu mpendwa,

Shikamoo babu. Mguu unaendeleaje? Shangazi Mwanaamina anasema kiharusi kimekuachia kidogo, ila masikio ndiyo yamegoma kabisa, hata simu husikii. Basi nitaandika, naye atakuletea akirudi Magindu. Mimi mzima, mwili tu, roho haijatulia.

Nimejiaibisha, babu. Nilikwenda kujaribiwa kazi ya kutembeza wageni msituni. Tukafika kwenye shimo la matope, nikataka kumwambia mzee mmoja wa Kizungu aliruke, yaani over. Mdomo ukasema into. Naye mtiifu, akarukia ndani. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nimepewa nafasi moja tu nyingine, baada ya Idi. Nikiikosa narudi kukaanga chipsi za watu.

Wewe uliyefundisha Kiingereza Chole miaka yote ile, nisaidie.

Mjukuu wako,
Rukaya


Magindu, 26 Januari 2025

Marahaba mke wangu,

Mimi sijambo, nashukuru Mungu, ingawa shangazi yako ananilisha uji asubuhi na jioni kama mwali. Kwa habari ya Mzungu wako nimecheka mpaka akadhani nimezidiwa.

Sikiliza. Sisi kazi ya mwendo tumekipa kitenzi: unaingia, unatoka, unavuka, unapita. Mwingereza kitenzi chake kivivu, go tu, kazi yote kakitwisha kijineno kinachofuata. Ndiyo maana vijineno hivyo havikaririwi kwenye kiti. Darasa langu unalijua. Ulipokuwa mdogo nilikushika mkono kutoka shuleni mpaka nyumbani, na across hatukuitaja mpaka tumekwisha kuvuka kijito.

Nenda Chole ukaitembee njia ile, uniandikie kwa Kiingereza mpaka barazani, pale bibi yako Siwema alipokuwa akitumwagia maji miguuni kwa kata, na bila hayo hatuingii ndani. Nami nitashika kalamu nyekundu.

Si kwa ajili ya kazi yako peke yake. Kwa miguu hii sitaiona tena njia ile, na nimeikumbuka sana.

Mumeo mzee,
Babu


Kisarawe, 9 Februari 2025

Shikamoo babu,

Natumai uji unashuka vizuri. Mimi mzima. Njia yako hiyo, nimeiandika kwenye karatasi ya pili: along kwenye ua wa shule, across juu ya gogo la kijitoni, through katikati ya mikorosho, mpaka barazani. Sahihisha, lakini usinionee.

Mkeo mdogo,
Rukaya


Magindu, 20 Februari 2025

Marahaba mke wangu,

Afya ni ile ile. Umepata kumi kwa kumi. Lakini Chole hukwenda.

Gogo lile lilichukuliwa na mafuriko, mwaka mmoja kabla bibi yako hajafariki. Nililiona kwa macho yangu likienda. Umeniandikia njia ya utotoni mwako, na mgeni ukimvusha kwenye gogo ambalo halipo, atatumbukia kama yule wa kwanza.

Sina hasira. Nasubiri.

Babu


Kisarawe, 6 Aprili 2025

Shikamoo babu, na Idi njema iliyopita,

Nisamehe kwa kimya hiki. Uliniumbua. Ukweli ni kwamba tangu tumzike bibi nimekuwa nikiogopa kulikuta baraza tupu.

Nilikwenda Idi pili. Shule imepakwa rangi ya njano. Kijitoni kuna kidaraja cha zege chenye ukingo wa bomba upande mmoja. Mikorosho imepunguzwa, jua linafika chini siku hizi. Nyumba inakaliwa na mpangaji wako Halidi, na mkewe Hamisa ndiye aliyenikuta nimesimama uani kama mdai. Nikamwomba maji. Akaniletea ya kunywa. Nikamwambia, "Samahani dada, ni ya miguu." Akanitazama, kisha akanimwagia bila kuuliza kitu. Nililia babu, mbele ya mtu nisiyemjua.

Majaribio yalikuwa jana. Wageni walivuka matope yote wakavu. Nimepata kazi!

Njia nimeiandika upya, imo humu. Niliandika nikilia, makosa yatakuwa tele. Andaa wino.

Mjukuu wako,
Rukaya


Magindu, 27 Aprili 2025

Marahaba mke wangu, na hongera sana,

Mguu ni ule ule, moyo mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako naisoma kila siku.

Makosa yamo, usijidanganye. Kwenye mikorosho umeboronga vibaya. Nilifungua kalamu nyekundu, nikaifunga. Nilikuwa nimeshapita shule, nimeshika ule ukingo wa bomba, nikaona nikisimama kusahihisha nitachelewa nyumbani.

Leo asubuhi nilifika tena barazani. Shangazi yako akaingia na uji, akanikuta nimekunja suruali mpaka magotini. Akaniuliza kwa mikono, vipi baba? Nikamwambia nangoja maji.

Naye kakulia nyumba ile. Aliweka uji chini, akaenda kuchota.

Babu