Gesi Inayoisha Jumatano

Dada yangu mpendwa,

Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu tumpoteze Mama, Jumanne ile saa tatu na dakika kumi asubuhi. Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na mgongo wako uwe umepoa. Sisi huku wazima wa mwili. Mke wangu anakuamkia. Anadai nimekonda, nami namwambia suruali ndizo zilizopanuka.

Nimeona niandike kwa sababu simu utaikata. Siku ya mazishi nilikuuliza, mbele ya shangazi na wajomba, ilikuwaje Mama akakosa kliniki ya presha mara tatu mfululizo na wewe unaishi naye nyumba moja. Ukanijibu nikaliulize gari langu. Shangazi akaguna, mjomba akainamia viatu vyake, nami nikaondoka bila kuaga. Niliumia, Dada, na bado naumia. Mtu aliyeanza kwa kubeba mbao begani hadi akafungua karakana yake ya milango haambiwi hivyo mbele ya ukoo mzima. Lakini kuna mambo ya gari hilo ambayo huyajui, au pengine unayajua kuliko mimi.

Unakumbuka nilivyolileta. Kliniki ilikuwa kila wiki ya nne, siku ya Alhamisi, kilomita thelathini na nne kwenda, dakika hamsini na tano za vumbi. Nilitaka Mama apande vioo vikiwa juu, ashuke hana chembe ya vumbi kwenye nyusi. Siku ya kwanza nilimfungulia boneti nikamwonyesha kiyoyozi kipande kwa kipande, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Nilimwonyesha hata valvu ya kujazia gesi, nikamweleza kwamba hii ni kama ya tairi tu, ukiondoa kifuniko ukabonyeza ndani kwa msumari, gesi yote inakwenda na maji. Wewe ulikuwa unaanika nguo, ukanicheka kwamba namfundisha Mama ufundi uzeeni.

Basi, mwezi wa pili gesi ikaanza kuisha. Nilikuwa nafika kwenu Jumatano jioni kiyoyozi kinapuliza baridi safi. Alhamisi asubuhi tukiondoka kinapuliza joto kama pumzi ya mbuzi. Nikirudi nyumbani napima kwa geji, sifuri. Jirani yangu fundi wa mafriji akasema gari langu lina mlevi ndani. Aliniazima pampu yake ya kunyonya hewa, nikafanya kazi mwenyewe uani. Nilinyonya hewa dakika arobaini na tano, nikafunga, nikasubiri saa nzima: sindano ya geji haikusogea hata unywele. Nikajaza gesi gramu mia nne na hamsini, nikapaka povu la sabuni kwenye kila maungio. Hakuna kiputo. Nikabadilisha mipira ya maungio minne na ile sindano ya valvu, nikijua nimemaliza kazi. Alhamisi iliyofuata, joto.

Nikasingizia barabara yenu, kwamba mashimo yanalegeza bomba. Nikatafuta barabara mbovu ya huku, nikalirusha gari kilomita arobaini mpaka mke wangu akaomba kushuka. Gesi haikupungua. Hapo ndipo nilipofungua daftari nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona mapema. Siku ishirini na saba gesi inakaa. Inakwisha usiku mmoja tu, wa Jumatano, na uani kwenu tu. Tundu haliangalii kalenda, Dada.

Safari iliyofuata nilitia ndani ya mfumo ile rangi inayong'aa ukiimulika kwa taa ya zambarau. Jumamosi, baada ya kumrudisha, nilijifunika mimi na boneti kwa blanketi zito saa sita mchana, jasho likinitiririka, nikamulika. Mabomba masafi. Rejeta ya kiyoyozi safi. Kompresa safi. Rangi ilikuwa mahali pamoja, imerukia kuzunguka valvu ya kujazia, na upande wa ndani wa kifuniko chake ilikuwapo alama ya kidole gumba, chembamba, cha mtu mzima.

Nikakumbuka lile lengelenge kwenye kidole gumba cha Mama, alilosema ameunguzwa na sufuria. Gesi ile ikitoka inagandisha ngozi mpaka inafura. Mimi mwenyewe imeniunguza mara mbili, nalijua lengelenge lake.

Sasa nikwambie nilichofanya, ambacho hata mke wangu sijamwambia. Sikumuuliza. Nilijiambia mzee amerudi utotoni, kisha nikakasirika kwamba kitu nilichompa kwa moyo wote anakimwaga kwa msumari. Nikanunua kifuniko cha chuma chenye ufunguo, nikakifunga kwenye valvu, nikanyamaza. Alhamisi hiyo Mama alitoka na sweta, na shali juu ya sweta. Nilichomeka kipimajoto kwenye tundu la upepo, nikamwonyesha: nyuzi sita. Akasema ni baridi nzuri, baba. Akakalia mikono yake. Kwenda na kurudi, dakika mia moja na kumi, hakusema neno lingine ila kukohoa. Na safari iliyofuata ikawa vilevile.

Halafu akanipigia kwamba kliniki imebadilisha utaratibu, sasa wataitwa kila baada ya miezi mitano, nisihangaike. Dada, namba hazinipiti mimi. Nilijua mgonjwa wa presha haachwi miezi mitano. Sikupiga simu kliniki. Nilikuwa na oda ya milango kumi na minane, nikaona nimepata Alhamisi ya kazi.

Ninachokumbuka sasa ni zile safari za joto. Vioo chini, kitambaa kinapepea, anamwita muuza nyanya kwa jina la utani, anamtania mwenye pikipiki kwamba helmeti kaivalisha usukani. Aliniambia jinsi Baba alivyokuja kumchumbia na kiatu kimetoboka, akakaa amekunja mguu mpaka ukafa ganzi. Mimi nilikuwa nalaani kiyoyozi, nasikia nusu.

Nisalimie shemeji, na wanao mmoja mmoja. Mkubwa mwambie meza yake ya kusomea iko tayari, itakuja na gari la mbao. Shangazi mwombe radhi kwa kuondoka kwangu, nami nitamwomba mwenyewe nikija.

Wewe ulimwona kila asubuhi. Nataka jibu la neno moja: Mama aliacha kliniki kwa sababu aliogopa kuniambia hataki kupanda na mimi, ndiyo au hapana? Usiniletee umri wake, wala usiniambie siku zake zilikuwa zimefika. Kama ni ndiyo, andika ndiyo. Karakana nafunga Jumamosi saa sita kamili mchana. Simu itakuwa juu ya meza ya randa, na mashine zote nitakuwa nimezizima.

Mimi mdogo wako,
yule Mama aliyemwita Mahesabu