Kioo Chenye Jina la Rania

Kisauni, 4 Februari 2024

Kwa mwanangu, mke wa Ihsan,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nataka kujua hali yako na hali ya Ihsan wangu. Mimi mzima, ila magoti na presha. Huko Mikindani joto vipi, na moshi wa malori?

Nimemtuma Ziro wa tuktuk akuletee kioo cha mkono. Nimekitengeneza mwenyewe, mbao ya mvule. Marehemu babake Ihsan ndiye aliyenifundisha kushika patasi. Kila bi harusi wa mtaani kwetu ana kioo changu, jina lake limechongwa nyuma, na mshikio naupima kwa mkono wa mwenyewe. Wako nilikupima siku ile ulipokuja kunisalimu, nilipokushika mkono nisiuachie, ukadhani huyu mzee kachanganyikiwa. Nilikuwa napima.

Nyuma nimekuchongea Rania. Ndilo jina nililokutafutia. Siku utakayosilimu, ukiulizwa jina, lako liko tayari, hupati taabu. Nimelizungushia maua ya asumini. Ukilipenda niambie, usipolipenda niambie, maana tangu nikifunge kioo kwenye gazeti moyo haujatulia.

Mamako,
Mwanabibi

*

Mikindani, 6 Februari 2024

Mama Ihsan,

Habari yako. Mimi niko sawa, magoti yapone.

Huyo Ziro alileta kioo asubuhi bila kusema kimetoka kwa nani, barua akaisahau kwa tuktuk, akaileta jioni. Kwa hivyo mchana wote nilikuwa nimeshika kioo cha mwanamke anaitwa Rania. Kizuri, kina maua, kinanukia mafuta ya nazi. Unajua nilifanya nini? Nilitoa nguo zote za Ihsan nje, mpaka viatu. Jirani yangu Milcah akakuja kunishangilia, "Tupa na godoro, dada!" Ihsan akatoka kazi Changamwe akakuta mashati kwa ngazi. Namuuliza, Rania ni nani? Anaapa hamjui. Maskini, alikuwa anasema ukweli.

Halafu barua ikafika. Rania ni mimi.

Naitwa Njeri. Ni jina la nyanya yangu mzaa baba, na nimelibeba tangu nizaliwe. Nani alikuambia nasilimu? Ihsan hajawahi kuniambia nibadilike. Sheikh aliyetuozesha alisema nikae na dini yangu. Ni wewe na hiyo patasi yako tu. Kioo nakirudisha na Ziro. Usinitumie kitu kingine.

Mke wa Ihsan,
Njeri

*

Kisauni, 9 Februari 2024

Mwanangu,

Hujambo? Ihsan hajambo? Mimi barua yako nimeipata.

Kioo kimefika, kimemeguka ukingoni. Ni Ziro au ni wewe? Na ulimi unao, mashallah! Nguo za mwanangu kwenye ngazi, watu wazitazame! Mtoto niliyemlea hajatoka mlangoni kwangu na shati lisilopigwa pasi. Nimekukosea, haya, lakini yeye kakukosea nini?

Wallahi sikukusudia kukutukana. Naona nikwambie jambo ambalo hata Ihsan halijui. Mimi nimezaa wanaume watupu, na aliyeoa ni Ihsan peke yake. Kabla hujaja kwangu ile siku, alikufa jirani yangu Mwanarusi, naye kama mimi, hana binti. Nikaenda kumuosha pamoja na wenzangu. Hakukuwa na mtu wake hata mmoja mle chumbani. Mwenzetu mmoja alikuwa anammiminia maji huku anapiga soga za harusi ya watu, anacheka. Nilirudi nyumbani nikajitupa kitandani, hata buibui sikuvua.

Kwetu mwanamke huoshwa na wanawake Waislamu. Nikasema, mke wa Ihsan akisilimu, siku yangu ikifika utakuwepo mkono mmoja wa kwangu, usionigeuza kama gunia. Ndiyo hiyo Rania. Basi, nimesema.

Mamako,
Mwanabibi

*

Mikindani, 15 Februari 2024

Mama Ihsan,

Salamu.

Kioo sikukivunja. Ningekivunja mimi kingekufikia kikiwa unga.

Barua nilimsomea Ihsan, akalia. Mimi sikulia. Umenitafutia jina, ukanitafutia dini, ukanipa na kazi kwa mazishi yako, na tangu unijue hujaniuliza swali hata moja. Hata moja! Nilishinda kwako siku nzima, ukanilisha mpaka nikashindwa kuinuka, na yote uliyosema ni "kula, mwanangu, kula." Mkono wangu unaujua. Mimi hunijui.

Tafuta huyo Rania wako umuulize kama anataka kuosha maiti. Mimi nimemaliza kuandika.

Mke wa Ihsan,
Njeri

*

Kisauni, 2 Juni 2024

Kwa Njeri,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi unapata nafuu. Nimekaa kimya kwa hofu, si kwa kiburi. Ihsan huja Ijumaa peke yake, anakula, anaangalia simu, anaondoka. Nami sithubutu kumuuliza habari zako.

Neno lako limenikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Wanaokuja kuagiza vioo nawauliza jina, kisha nawashika mkono, basi, mtu kwisha. Wewe hata hilo jina sikukuuliza.

Sasa nauliza. Skuli niliachia darasa la tatu, usinicheke nikiuliza ovyo. Chai unatia sukari? Mamako mzazi anaitwa nani, naye anasemaje kuhusu sisi? Kanisani unaimba au unasikiliza tu? Ihsan bado anakoroma? Na ukitaka kulia, huko Mikindani unalilia wapi?

Na la mwisho, ukiliona uchokozi liruke. Dini yako nimekuachia, kuniosha nimekuachia. Siku yangu ikifika hutaingia ndani. Lakini utakuja ukae pale mlangoni mpaka wamalize?

Mama mkwe wako,
Mwanabibi

*

Mikindani, 5 Juni 2024

Shikamoo mama,

Niko mzima. Bado nimekasirika, usifikirie imeisha.

Sukari naweka vijiko vitatu na sitaki kuambiwa kitu. Mama yangu ni Wanjiru, na yale anasema kuhusu nyinyi siwezi kuandika kwa karatasi. Naimba, sauti ya pili. Ihsan anakoroma kama lori linapanda mlima wa Magongo. Kulia nalilia bafuni, nafungua maji yapige kelele. Na hiyo ya bafuni usimwambie Ihsan.

Ya mlangoni. Nitakuja, na kiti nitabeba changu. Huko ndani wakianza kupiga soga nitagonga mlango mpaka wanyamaze. Na yeyote akiniuliza huyu Mkikuyu anafanya nini hapa, atajua.

Mkaza mwanao,
Njeri